Kuhisi Gesi Ndani ya Moto: Historia Fupi ya Utafiti wa Vihisi vya Joto Kali

Miongoni mwa tasnifu za udaktari zinazoandikwa siku hizi katika vitivo vya fizikia, kemia na uhandisi, zimo nyingi zinazoshughulika na chombo kidogo kiitwacho kihisi cha gesi, na hasa kihisi kiwezacho kufanya kazi penye joto kali: ndani ya bomba la moshi la injini, juu ya tanuru la kuyeyushia madini, au kando ya ufa wa volkano. Tasnifu hizo hufanana katika mwendo wake. Mtafiti ametengeneza maada yenye chembe ndogo mno, zinazopimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya milioni moja ya milimita. Ameona kwamba chembe hizo zinahisi gesi vizuri kuliko zilizotangulia. Kisha hujaribu kuonyesha kwamba zitadumu. Katika makala haya tunakusudia kufuata historia iliyomfikisha mtafiti huyo mahali hapo. Rai yetu ni kwamba historia hiyo yote imejengwa juu ya ugomvi mmoja ambao haujapata mwamuzi: udogo wa chembe ndio uletao wepesi wa kuhisi, na joto ndilo liuangamizalo udogo huo.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya istilahi. Kifaransa, lugha ambayo wengi wetu tulisomea sayansi, hukiita chombo hiki capteur, jina litokanalo na kitendo cha kunasa. Kiingereza hukiita kwa jina litokanalo na kuhisi. Tumefuata njia ya pili tukasema kihisi, ijapokuwa wapo wanaopendelea kitambuzi. Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Kutambua ni kukijua kitu kwa jina lake, na chombo hiki, kama itakavyoonekana, mara nyingi hakijui jina la gesi iliyokigusa. Kinajua tu kwamba kimeguswa.

Kihisi cha kwanza kilichotumika kwa wingi kilikuwa mwali wa taa. Tarehe 25 Mei 1812, mlipuko katika mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, uliwaua watu 92. Mwaka 1815 Humphry Davy akatoa taa iliyozungushiwa wavu wa waya mwembamba, ambao uliupoza mwali usitoke nje na kuwasha methani. Wachimbaji wakapata faida ya pili katika taa hiyo. Palipo na methani, juu ya mwali huzuka kofia ya rangi ya samawati, nayo hurefuka kadiri gesi inavyozidi. Aliyezoea kazi aliisoma kofia hiyo kama mtu asomavyo saa. Lakini kwa monoksidi ya kaboni taa haikufaa kitu. John Scott Haldane, katika ripoti yake ya mwaka 1896 juu ya vifo vya migodini, alionyesha kwamba wengi waliokufa katika milipuko hawakuuawa na kishindo wala moto, bali na gesi hiyo iliyobaki nyuma. Akashauri viumbe wadogo wachukuliwe chini, kwa kuwa mwili mdogo wenye kupumua haraka hulemewa mapema kuliko wa mtu. Ndivyo ndege kanari walivyoingia kazini, na Uingereza haikutangaza kuwaondoa migodini hadi mwaka 1986. Yafaa tuutazame mwaka huo vizuri: kwa muda mrefu katika karne ya ishirini, huku atomu ikiwa imekwisha kupasuliwa na watu wamekwisha kukanyaga mwezi, uhai wa mchimbaji bado ulitegemea pumzi ya ndege.

Vihisi tunavyovijua leo vilitoka katika njia mbili zilizoanza mbali mbali. Njia ya kwanza ni ya maada ambazo hazifanyi kazi pasipo joto. Katika miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, Walther Nernst alikuwa Göttingen akitafuta taa ya umeme iliyo bora. Aligundua kwamba fimbo ya zirkonia iliyochanganywa na oksidi nyingine kama itria huzuia umeme ikiwa baridi, bali ikipashwa moto huupitisha na kung'aa. Taa yake iliuzwa miaka kadhaa, kisha ikashindwa na zile za waya wa metali, lakini maarifa hayakupotea. Mwaka 1943 Carl Wagner alieleza kinachotokea ndani ya fimbo: panapoingia itria, baadhi ya nafasi za oksijeni katika fuwele hubaki tupu, na ioni za oksijeni huruka kutoka nafasi moja tupu hadi nyingine. Basi ukiweka zirkonia kama ukuta kati ya hewa ya kawaida na gesi yenye oksijeni kidogo, ioni zitataka kuhama kutoka upande wenye nyingi kwenda upande wenye chache, na mwendo huo huzaa volti ambayo inaweza kupimwa.

Mwaka 1976 kampuni ya Bosch ilianza kutoa kihisi cha namna hiyo kwa ajili ya motokaa. Kipo katika bomba la moshi. Kikiona oksijeni imekwisha hutoa karibu volti 0.9, ikizidi hushuka hadi karibu 0.1, na kwa ishara hiyo injini hurekebisha kipimo cha petroli. Adui yake wa kwanza alikuwa petroli yenye risasi, kwa sababu risasi huipaka platini iliyo juu ya zirkonia na kuifisha. Nchi za Afrika zilizo kusini ya Sahara ziliacha petroli ya namna hiyo mwanzoni mwa mwaka 2006. Tusishangae basi kwamba motokaa nyingi zilizoletwa kwetu kabla ya hapo zilitembea na kihisi kilichokufa, na fundi hakuwa na sababu ya kukifufua. Katika viwanda vya chuma na shaba hali ni kali zaidi. Kipimo cha zirkonia huchovywa ndani ya metali iliyoyeyuka, ambayo ikiwa ni chuma cha pua hufikia nyuzi 1,600 za Selsiasi. Husoma oksijeni kwa sekunde chache, kisha hutupwa. Hilo nalo ni jibu la swali la kudumu, ingawa ni jibu la mtu aliyekwisha kata tamaa.

Njia ya pili ilianzia kwa wataalamu waliokuwa na kero. Mwaka 1953, katika maabara ya Bell huko Marekani, Walter Brattain na John Bardeen walichapisha uchunguzi wao juu ya uso wa jerimaniamu, wakaonyesha kwamba tabia yake ya umeme hubadilika kwa kufuata gesi zinazouzunguka. Kwa watengenezaji wa transista hiyo ilikuwa ila ya kuondolewa. Ilipasa mtu mwingine aje aione ila hiyo kuwa kazi. Mwaka 1962 Tetsuro Seiyama na wenzake wa Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, walitangaza kwamba utando mwembamba wa oksidi ya zinki, uliopashwa joto la nyuzi mia kadhaa, hubadilisha ukinzani wake wa umeme gesi inapoupitia. Mwaka huo huo Naoyoshi Taguchi aliomba hataza ya kihisi cha namna hiyo, na baada ya kujaribu oksidi mbalimbali alichagua dioksidi ya bati. Japani ya siku zile ilikuwa imeanza kupikia gesi ya mitungi, na milipuko majumbani ilikuwa habari ya kawaida. Kihisi cha Taguchi kikafungwa katika ving'ora vya jikoni, na kampuni ya Figaro ikakitengeneza kwa wingi tangu mwisho wa miaka ya 1960.

Hapa msomaji wa Kongo ana haki ya kusimama kidogo. Dioksidi ya bati si kitu cha maabara peke yake. Ndiyo kasiterite, lile jiwe zito la rangi ya kahawia au nyeusi ambalo limechimbwa Manono, Kivu na Maniema kwa vizazi kadhaa. Kwa kemia ni kitu kimoja: atomu moja ya bati na mbili za oksijeni. Kihisi hakitengenezwi kwa kusaga jiwe la mgodini, maana jiwe hilo lina uchafu wake na chembe zake ni kubwa. Maabara huanza na chumvi safi ya bati na kuijenga oksidi upya. Hata hivyo kitu ambacho vijana wetu hukibeba mgongoni katika magunia, ili kiyeyushwe na kugeuzwa kuwa risasi ya kuunganishia vipande vya mitambo ya elektroniki, ndicho hicho hicho ambacho kwa umbo jingine hunusa gesi katika jiko la Osaka.

Inanusaje? Dioksidi ya bati ni nusukipitishi: ina elektroni chache zilizo huru. Ikiwa katika hewa na ikipashwa joto la nyuzi 300 au 400, oksijeni ya hewa hujishika juu ya uso wa kila chembe na kunyang'anya elektroni. Chini ya uso hubaki tabaka lililokaukiwa elektroni, lenye unene wa nanomita chache, na umeme hupita kwa shida kutoka chembe hadi chembe. Ikija methani au monoksidi ya kaboni, huungua pamoja na oksijeni ile, na elektroni hurudi zilikotoka, ukinzani hushuka. Kwa hiyo kihisi hakiigusi gesi yenyewe kwa jina. Hupima upungufu wa oksijeni juu ya uso wake, na kila gesi iwezayo kuungua huleta upungufu huo. Mvuke wa pombe jikoni ulikuwa ukiamsha king'ora sawasawa na gesi iliyovuja.

Kwa karibu miaka thelathini uboreshaji ulikwenda kwa kubahatisha: watu waliongeza paladi kidogo, platini kidogo, wakaona linalotokea. Mwaka 1991 ndio uliobadilisha mambo. Noboru Yamazoe, wa chuo kile kile cha Kyushu, pamoja na Chaonan Xu na wenzao, walichapisha vipimo vya dioksidi ya bati ya chembe za ukubwa mbalimbali. Walionyesha kwamba chembe zikiwa kubwa, ukubwa wake haubadilishi mengi. Lakini kipenyo kikishuka hadi karibu nanomita 6, wepesi wa kuhisi hupanda ghafula. Sababu ni ya hesabu nyepesi. Tabaka lililokaukiwa lina unene wa karibu nanomita 3, na chembe ina pande mbili. Ikifika nanomita 6, tabaka limeijaza chembe nzima, hakuna tena moyo ulio salama, na kila elektroni inayorudi huonekana. Neno nano lilikuwa bado halijawa mtindo, lakini tangu siku hiyo mtafiti wa vihisi alijua anatafuta nini.

Alijua pia linalomngoja. Chembe ndogo ina uso mwingi kwa kulinganisha na mwili wake, na uso ni nishati. Ikipewa joto hutafuta njia ya kuupunguza, na njia iliyo karibu ni kuungana na jirani. Kwa kanuni ya makadirio inayoitwa kwa jina la Tammann, atomu za mango huanza kuhamahama kwa urahisi joto likifikia karibu nusu ya lile la kuyeyuka, likihesabiwa kwa kelvini. Dioksidi ya bati huyeyuka karibu na nyuzi 1,630 za Selsiasi. Nusu yake kwa hesabu hiyo ni karibu nyuzi 680, na chembe za nano huanza kuungana chini zaidi ya hapo. Kihisi kilichotoka maabarani na chembe za nanomita 5 huweza kukaa katika moshi wa moto kwa muda, kikatolewa kikiwa na chembe za nanomita 30. Hakikuvunjika wala hakikuungua. Ukikitazama kwa macho ni kile kile. Kimekua tu, na kwa kukua kimekuwa kizito wa kuhisi. Kwetu sisi hilo ndilo jambo baya kuliko kuvunjika, maana kihisi kilichovunjika hunyamaza na mtu akajua, bali kilichokua huendelea kutoa namba.

Wengine walikuwa wamekwisha kukata shauri la kuiacha bati. Kule Siemens, mjini München, Maximilian Fleischer na Hans Meixner tangu mwaka 1991 walieleza oksidi ya galiamu, ambayo hufanya kazi kati ya nyuzi 600 na 1,000. Haina wepesi wa bati, lakini haibadiliki. Huko Uswidi njia ilikuwa nyingine. Ingemar Lundström na wenzake walikuwa wamechapisha mwaka 1975 transista yenye lango la paladi iliyohisi hidrojeni. Kasoro yake ilikuwa silikoni, ambayo ikizidi karibu nyuzi 250 hujaa elektroni za joto na kuacha kuwa nusukipitishi cha maana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika Chuo Kikuu cha Linköping, Anita Lloyd Spetz na wenzake walihamishia wazo hilo juu ya kabidi ya silikoni, maada ambayo elektroni zake zimefungwa kwa nguvu zaidi, wakapima gesi katika joto lililofika nyuzi 800. Shida ikahama, kwa sababu sasa kilichoshindwa kilikuwa ni utando mwembamba wa platini ulio juu, pamoja na waya na gundi inayoushika. Katika joto la namna hiyo kihisi kizima huwa dhaifu kama kiungo chake kilicho dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi kiungo hicho ni kile ambacho hakuna aliyekiandikia tasnifu.

Karne mpya ilipoingia, umbo la chembe likawa ndiyo habari. Mwaka 2000 kundi la Hongjie Dai, wa Chuo Kikuu cha Stanford, lilionyesha kwamba mrija mmoja wa kaboni wa nano huhisi dioksidi ya nitrojeni na amonia bila kupashwa moto. Jambo hilo lilisifiwa sana, na kwa haki. Lakini kwa anayetafuta kihisi cha tanuru halikuwa na msaada mkubwa, kwa kuwa kaboni katika hewa yenye nyuzi mia kadhaa huungua. Lililomfaa zaidi ni la mwaka 2001, pale Zheng Wei Pan, Zu Rong Dai na Zhong Lin Wang walipoeleza mikanda ya nano ya oksidi, ikiwemo ya bati. Na mwaka 2002 Elisabetta Comini na wenzake wa Brescia, Italia, wakishirikiana na Wang, wakatengeneza vihisi kwa mikanda hiyo. Kila mkanda ni fuwele moja ndefu. Hauna mipaka ya chembe ndani yake, wala haujashonana na jirani kila upande, kwa hiyo hauna haraka ya kukua. Ilionekana kana kwamba ugomvi wa udogo na joto umepata suluhu.

Haukupata. Tasnifu nyingi za miaka iliyofuata zimefuata njia hiyo: waya, mikanda, mirija, maua, chembe zenye ganda la maada nyingine lizuialo kuungana, oksidi mbili zilizochanganywa ili moja izibe njia za nyingine. Mafanikio ni ya kweli. Hata hivyo mwandishi wa makala haya haoni haya kusema kwamba katika uwanja huu umbo jipya hulipwa kuliko umbo lenye kudumu. Mwanafunzi ana miaka mitatu au minne. Katika muda huo anaweza kuchapisha maumbo kadhaa, kila moja likiwa na grafu nzuri ya siku chache katika bomba safi la maabara, lenye hewa kavu na gesi moja iliyopimwa. Akiamua badala yake kuliacha umbo moja katika nyuzi 600 kwa saa elfu kadhaa, pamoja na mvuke wa maji na salfa, ana hatari ya kumaliza na grafu moja inayoteremka polepole. Grafu hiyo ndiyo mwenye tanuru anayoihitaji, lakini mwanafunzi hana uhakika kwamba jarida litaipokea. Salfa, hasa, hutajwa katika utangulizi wa tasnifu nyingi na kusahauliwa katika sura za vipimo, ilhali ndiyo iishikayo platini na paladi na kuzinyima kazi. Lubumbashi, ambako tanuru la kwanza la shaba liliwashwa mwaka 1911, haihitaji kuelezwa harufu ya salfa.

Kuna mahali pengine nchini mwetu pawezapo kuwa mtihani wa haki wa vihisi hivi, nako ni Nyiragongo. Haroun Tazieff aliliona ziwa la lava la mlima huo mwaka 1948, na mwaka 1959 yeye na wenzake waliteremka kreta hadi kando yake wakachukua sampuli za gesi katika joto lililokaribia nyuzi 1,000. Sampuli hizo zilichunguzwa Ulaya, na miaka ishirini baadaye wataalamu walikuwa wakizirudia hesabu zake, kwa kuwa gesi ya moto iliyochukuliwa mahali ilipozaliwa ni adimu. Tangu mwaka 1975 wengi wamefuata mtindo wa Werner Giggenbach: chupa iliyotolewa hewa, yenye soda kali ndani, hupokea gesi kwa bomba, kisha hupelekwa maabarani. Siku hizi vyombo vya kubebwa hupima moshi papo hapo, lakini huuvuta kwanza kwa bomba hadi upoe. Kihisi kinachokaa ndani ya ufa wenyewe, penye asidi, salfa na majivu, na kutoa namba ya kuaminika kwa miezi, hakijawa kitu cha kawaida popote duniani.

Wala tusiahidi kupita kiasi. Watu wa Goma na Sake wanaijua mazuku, ile gesi nzito isiyo na rangi inayotuama mabondeni usiku na asubuhi, ikaua mbuzi, watoto na wapita njia. Mazuku ni dioksidi ya kaboni. Gesi hiyo imekwisha kuungua; haina cha kuipa oksijeni iliyo juu ya chembe, kwa hiyo dioksidi ya bati haiihisi kwa namna ya kutegemewa, hata chembe zikiwa za nanomita 6. Dioksidi ya kaboni hupimwa kwa njia nyingine, hasa kwa mwanga wa chini ya wekundu, ambao molekuli zake huumeza. Jiwe la Kivu linaweza kuwa pua ya jiko la Osaka, lakini hewa iuayo katika bonde la Kivu hailioni. Mwanafunzi wa kwetu atakayetaka kuandika tasnifu yake juu ya vihisi itambidi achague mapema kati ya mazuku na moshi wa kreta, kwa maana hivyo viwili vinadai fizikia mbili, na maabara mbili, na pengine wasimamizi wawili.